SIKU YA PAI: UZI, SINIA NA HESABU YA JAMSHID AL-KASHI



Mwaka mmoja binti wa jirani yetu alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa hesabu iliyojaa wino mwekundu. Mama yake alipomwuliza kulikoni, alijibu huku machozi yakimtoka: "Mama, hesabu ni za Wazungu. Sio zetu." Maneno yale yaliletwa kwenye kikao chetu cha wazazi, na yalituuma sana. Tukataka kumjibu upesi. Tukachukua karatasi ya manila, tukaandika kwa herufi kubwa kwamba pai, ile namba ya duara, iligunduliwa na Waislamu, kisha tukaibandika kwenye ukuta wa madrasa.

Haikumaliza wiki. Baba mmoja ambaye ni mwalimu wa hesabu alikuja kumchukua mwanawe, akaisoma, akatikisa kichwa. Akatuambia kwa upole: "Ndugu zangu, hili mlilobandika sio kweli. Na kweli yenyewe ni tamu kuliko hili."

Tuliibandua siku ile ile. Makala haya yametokana na karatasi ile iliyobanduliwa. Tumekusanya ndani yake historia ya namba hii kama ilivyo, na michezo tunayoifanya na watoto wetu kila inapofika tarehe 14 Machi, ili nanyi mkitaka mfanye majumbani kwenu.

SIKU HII ILIANZIA WAPI?

Siku ya Pai ilianza mwaka 1988 katika jiji la San Francisco, Marekani. Aliyeianzisha ni Larry Shaw, mwanafizikia aliyefanya kazi katika makumbusho ya sayansi yaitwayo Exploratorium. Wamarekani huandika mwezi kwanza na tarehe baadaye, kwa hiyo 14 Machi kwao ni 3/14, na pai huanza na 3.14. Larry Shaw na wenzake walizunguka mahali palipotengenezwa kwa umbo la duara, kisha wakala mikate ya matunda iliyookwa kwenye sahani za mviringo. Mkate wa namna hiyo kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na pai, ndiyo maana wakauchagua. Larry Shaw alifariki mwaka 2017, lakini mchezo wake ulikuwa umeshasambaa duniani.

Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuiunga mkono siku hiyo. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2020.

Tulipoitaja siku hii kwa mara ya kwanza, mzee wetu mmoja aliuliza: "Sikukuu zetu ni mbili, Idi ya Ramadhani na Idi ya Hijja. Hii ya tatu mmeitoa wapi?" Swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu kwamba hii haina ibada, haina takbira wala nguo mpya. Ni siku ya somo, kama shule inavyoweka siku ya kupanda miti. Mzee alifikiri kidogo, kisha akauliza kama na yeye anaruhusiwa kuja na sinia lake lipimwe. Tangu hapo hakosi.

PAI NI NINI HASA?

Chukua kitu chochote cha mviringo: kikombe, sufuria, tairi, hata mwezi ukiwa mpevu. Mstari unaokikata katikati kutoka ukingo hadi ukingo ni kipenyo. Mstari unaokizunguka ni mzingo. Ukigawanya mzingo kwa kipenyo utapata tatu na kidogo, na jibu ni lile lile kwa kikombe cha kahawa na kwa mwezi. Jibu hilo ndilo tunaloliita pai. Katika tarakimu huanza hivi: 3.14159265, kisha huendelea bila mwisho na bila kujirudia kwa mpango. Mwanahisabati Johann Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba hakuna sehemu ya namba nzima mbili inayoweza kulingana nayo sawasawa.

Wengi wetu tulifundishwa 22/7. Hiyo ni makadirio tu, na ni makadirio mazuri, kwani ukigawanya 22 kwa 7 unapata 3.142857, ambayo iko karibu zaidi na pai kuliko 3.14 yenyewe. Na ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu waliosoma kwa Kifaransa huandika 3,14 kwa mkato badala ya nukta. Watoto wakikutana msibani au harusini wakabishana, waambieni wote wako sawa.

Kuna jambo moja dogo ambalo watoto hulifurahia sana. Zisome tarakimu za pai kwa Kiswahili: tatu, moja, nne, moja, tano, tisa, mbili, sita. Maneno matano ya mwanzo ni ya Kibantu, ya babu zetu wa bara. Kisha inakuja tisa, neno la Kiarabu. Halafu mbili, la Kibantu, na sita, la Kiarabu tena. Na neno hesabu lenyewe, na sifuri, nusu, robo, mia, elfu na duara, yote tumeyapata kwa Waarabu. Mtoto wa Kiswahili hawezi kuhesabu hadi kumi bila kupita katika nyumba zote mbili. Tulimwonyesha hili binti yetu, naye alikaa kimya kidogo akihesabu kwa vidole.

NAMBA ILIVYOSAFIRI

Sasa tuje kwenye kosa letu la ile karatasi. Pai haikugunduliwa na kabila moja wala umma mmoja.

Watu wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, walitumia 3 na moja ya nane, yaani 3.125. Huko Misri, karani aitwaye Ahmes aliandika miaka zaidi ya 1500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) njia ya kupata eneo la duara ambayo ni sawa na kutumia takriban 3.16. Kisha akaja Myunani Archimedes, wa mji wa Sirakusa katika kisiwa cha Sisilia, karne ya tatu kabla ya Nabii Isa. Yeye alichora ndani ya duara umbo lenye pande 96, na nje yake umbo jingine lenye pande 96. Mzingo wa duara lazima uwe katikati ya maumbo hayo mawili. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba pai ni ndogo kuliko 22/7 na ni kubwa kuliko 223/71. Kwa hiyo ile 22/7 ya daftari la mtoto wako ina umri wa zaidi ya miaka 2,200.

Huko Uchina, karne ya tano, Zu Chongzhi alipata 355/113, ambayo ni sahihi hadi desimali sita. Huko Bara Hindi, Aryabhata mwaka 499 aliandika hesabu inayotoa 3.1416.

Mikondo hii iliingia Baghdad. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi na wasia, maana watu walitaka kujua kila mrithi apate fungu gani. Katika mlango wa vipimo alitaja makadirio matatu ya duara: 3 na moja ya saba, kipeuo cha pili cha 10, na 62,832 kugawanya kwa 20,000, ambayo ndiyo 3.1416 iliyokuwa ikijulikana kwa Wahindi. Na wana watatu wa Musa, ndugu Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliandika kitabu cha kupima maumbo wakifuata njia ya Archimedes.

Tazameni: Mhindi, Myunani na Muislamu wa Baghdad katika ukurasa mmoja. Wala hawakuona aibu kutumia kazi ya mtangulizi wao.

JAMSHID AL-KASHI NA UNYWELE WA FARASI

Mtu tunayetaka watoto wetu wamjue kwa jina ni Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi. Alitoka mji wa Kashan, Uajemi. Tunajua kwamba mnamo Juni 1406 alikuwa Kashan akiangalia kupatwa kwa mwezi, na kwamba miaka yake ya mwanzo aliipitisha katika dhiki akijisomea. Baadaye aliitwa Samarkand, mji ambao leo uko Uzbekistani. Mtawala wa huko alikuwa Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa falaki. Alijenga madrasa kubwa, kisha akajenga kituo cha kuangalizia nyota. Barua ambazo Jamshid alimwandikia baba yake kutoka Samarkand zimehifadhiwa mpaka leo, na ndani yake anasimulia mijadala ya wanavyuoni na ujuzi wa Ulugh Beg mwenyewe. Kijana yuko mbali, anamwelezea mzazi wake masomo yake. Nani kati yetu hajawahi kupokea barua au ujumbe wa namna hiyo?

Mwezi wa Shaabani mwaka 827 Hijria, yaani Julai 1424, Jamshid alikamilisha risala yake kuhusu mzingo wa duara. Hakuanza kwa kuuliza "naweza kupata tarakimu ngapi?" Alianza kwa kuuliza "nahitaji usahihi kiasi gani?" Alijiwekea sharti: tuseme kuna duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kipenyo cha dunia. Kosa katika mzingo wake lisizidi unene wa unywele wa farasi.

Kisha akafanya kazi. Alifuata wazo la Archimedes, la umbo lenye pande nyingi, akianzia pembetatu na kuongeza pande maradufu: 3, 6, 12, 24, 48, 96. Archimedes alisimama hapo kwenye 96. Jamshid aliendelea mpaka akafanya maradufu mara 28, akafika umbo lenye pande 805,306,368. Hakuna anayeweza kulichora umbo hilo. Lilikuwa kwenye hesabu tu, na kila hatua ilihitaji kutafuta kipeuo cha pili kwa mkono, katika mfumo wa sitini, ule unaotumika katika dakika na sekunde za saa zetu. Kosa moja hatua ya tano lingeharibu zote zinazofuata.

Alipomaliza alikuwa na mara mbili ya pai kwa usahihi wa desimali 16: 6.2831853071795865. Aliiandika kwa mfumo wa sitini, kisha akaibadilisha iwe ya desimali, ambazo alizieleza vizuri katika kitabu chake kingine, Miftah al-Hisab, yaani Ufunguo wa Hesabu, cha mwaka 1427. Katika zama zake, Mhindi Madhava wa Kerala alikuwa amefika desimali 11 kwa njia nyingine kabisa. Hakuna aliyempita Jamshid mpaka mwaka 1596, Ludolph van Ceulen wa Uholanzi alipotoa desimali 20. Hiyo ni zaidi ya miaka 170.

Leo kompyuta zimefanya mambo makubwa. Mwaka 2022 zilifikisha tarakimu trilioni 100, na zimeshapita hapo. Lakini wahandisi wa shirika la anga la Marekani, NASA, wanapoelekeza vyombo vyao kati ya sayari, hutumia pai yenye desimali 15 tu. Hiyo inawatosha. Jamshid, kwa kalamu na karatasi, alikuwa ameshafika huko karibu miaka 600 iliyopita.

Alifariki Samarkand mwezi wa Ramadhani mwaka 832 Hijria, Juni 1429. Alama yenyewe ya pai, ile herufi ya Kiyunani, hakuijua kabisa. Ilitumiwa kwa maana hii kwanza na William Jones wa Wales mwaka 1706, kisha Leonhard Euler akaieneza.

Kwa hiyo yule mwalimu alisema kweli. Kusema "Waislamu waligundua pai" ni kuwadhulumu Wababeli, Wamisri, Wayunani, Wachina na Wahindi. Na kusema "hesabu ni za Wazungu" ni kumdhulumu Jamshid. Dhuluma haiwi haki kwa kuwa imefanywa kwa kumpenda mtoto.

MICHEZO YA SIKU YA PAI

Haya ndiyo tunayoyafanya. Hayahitaji fedha.

1. Uzi na sinia. Kila mtoto alete kitu cha mviringo: sinia, sahani, kawa, ndoo, kopo la maziwa. Zungusha uzi ukingoni, ukate pale unapokutana. Kisha ulaze uzi huo kwenye kipenyo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mara kutabaki kipande kidogo. Kipande hicho ni kama moja ya saba ya kipenyo. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 28 itatoa uzi wa karibu sentimita 88. Waacheni watoto wagundue wenyewe kwamba kila chombo kinasema neno lile lile. Msiwaambie kabla.

2. Tairi la baiskeli. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini yake. Sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini, pima umbali. Tairi la kipenyo cha sentimita 70 hutembea karibu meta 2.2 kwa mzunguko mmoja. Kisha hesabuni mizunguko kutoka nyumbani hadi msikitini. Ikiwa ni 500, basi ni meta 1,100. Kijana mmoja kwetu alihesabu hivi akagundua kwamba msikiti alioudai uko mbali sana alfajiri uko meta 400 tu.

3. Kamba ya Jamshid. Huu ndio mchezo wetu mkubwa. Chomeka kijiti uwanjani, funga kamba ya meta 2, chora duara. Simamisha watoto sita ukingoni kwa nafasi sawa, washike kamba iliyonyooshwa kati yao. Pimeni: meta 12. Ongezeni wawe 12, kamba itahitajika ndefu zaidi, karibu meta 12.42. Wakiwa 24, karibu meta 12.53. Duara lenyewe ni karibu meta 12.57. Watoto wanaona kwa macho kamba ikilikaribia duara bila kulifikia. Hapo ndipo tunawaambia: "Jamshid alisimamisha watoto milioni 805." Utasikia kelele zao.

4. Chapati mbili au moja? Pika chapati moja yenye kipenyo cha sentimita 20 na nyingine za sentimita 10. Mwulize mtoto: utabadilishana moja kubwa kwa mbili ndogo? Wengi hukubali. Kisha wapime kwa kukata na kupanga vipande, waone kwamba kubwa moja ni sawa na ndogo nne. Somo la biashara hilo, na hawalisahau.

5. Tarakimu kwa moyo. Watoto wetu wa madrasa wana vifua vyepesi kwa kuhifadhi. Wape 3.14159 26535 89793 washindane. Waandike pia kwa tarakimu za Kiarabu wanazoziona kwenye misahafu yao: ٣٫١٤١٥٩. Lakini tuwaeleze wazi kwamba huu ni mchezo, na kuhifadhi Qur'ani ni ibada. Visiwekwe kwenye mizani moja.

6. Saa ya kuanza. Kwa kuwa pai ni 3.14159, huko Marekani huanza saa 1:59 mchana kwa saa zao. Kwetu sisi huo ni saa saba na dakika 59. Watoto wetu waligoma, wakasema saa 1:59 ya Kiswahili ni asubuhi. Basi huanza asubuhi ikiwa siku si ya shule. Ikiwa ni ya shule, tunasubiri jioni.

Neno la mwisho kuhusu tarehe. Mwaka 2024 na mwaka 2025, tarehe 14 Machi iliangukia ndani ya Ramadhani, basi chapati tukazipima baada ya futari. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku kama 354, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na hiyo nayo ni hesabu nzuri ya kuwapa wakubwa. Familia ambayo Machi haiwafai ina tarehe nyingine: 22 Julai. Sisi tunaoandika tarehe kwanza na mwezi baadaye tunaiandika 22/7, na hiyo ni pai ya Archimedes.

Yule binti wa jirani yetu bado hazipendi sehemu zenye asili tofauti, tusidanganyane. Lakini mwaka uliofuata ndiye aliyeshika mwanzo wa kamba, na ndiye aliyeandika karatasi mpya ya manila iliyoko ukutani sasa. Ameandika majina kwa mpangilio: Babeli, Ahmes, Archimedes, Zu Chongzhi, Aryabhata, al-Khwarizmi, Madhava, al-Kashi, van Ceulen. Chini yake ameacha nafasi tupu. Tulipomwuliza ni ya nini, alisema ni ya atakayefuata.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi subira ya kuwafundisha kweli bila kuiongezea wala kuipunguza. Amin.